Anza na Nta: kwa anayetaka kuishi kwa nyuki Kasongo na Kabambare

Vijana wanaotaka kuingia katika kazi ya nyuki huniuliza kwanza bidoni ya asali inauzwa bei gani. Ni swali la haki, tumbo halingoji. Lakini mimi huwarudishia swali jingine: ukishakamua asali, masega unayapeleka wapi? Huku Maniema, kuanzia Kasongo hadi Kabambare, wengi wanaorina asali hukamua kwa mikono, watoto wakatafuna kilichobaki na kutema, na makapi yakaishia nyuma ya jiko. Ndani ya makapi hayo mna nta. Ushauri wangu kwa mtu asiye na mtaji ni kwamba aanzie hapo, kabla hajapanda mti wowote na kabla hajanunua mzinga.

Angalia tunavyoishi. Mpunga, muhogo na mawese ndivyo vinavyotulisha na kutuvika, na vyote ni mizigo mizito ya bei ndogo. Gunia la mpunga likisukumwa kwa baiskeli kutoka Kabambare, likapita matope, madaraja mabovu na vizuizi vya njiani, hufika Kasongo faida yake ikiwa imeshaliwa. Barabara ya taifa namba 2, inayopaswa kutuunganisha na Bukavu, kila msafiri anaijua ilivyo. Katika nchi ya namna hii mtu mwenye akili hutafuta mali yenye uzito mdogo na thamani kubwa. Wengi wameitafuta katika dhahabu ya Namoya na Salamabila, na si wachache waliorudi na madeni na kifua kibovu. Nta haimwagiki, haivunjiki, haiozi. Tofali la nta safi likiwekwa mahali pakavu hukaa miaka mingi. Ukikosa mnunuzi mwezi huu, unangoja mwingine. Mwenye ndizi hana nafasi hiyo.

Kwa masega ya kukamua, kila kilo 10 za asali huacha takriban kilo 1 ya nta. Basi nenda kwa warinaji wa kijiji chako uwaombe makapi, au uyanunue kwa bei mtakayopatana, na uyachukue upesi kabla nondo wa nta hawajataga ndani yake. Yaoshe kwa maji safi, uyatie katika mfuko wa kitambaa chepesi, uufunge mdomo, uuweke ndani ya sufuria ya maji pamoja na jiwe la kuuzamisha. Sufuria iwe ya alumini, maana chuma chenye kutu huitia nta weusi. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi za joto, kwa hiyo maji hayana haja ya kuchemka kwa fujo. Na usiiweke kamwe motoni bila maji, kwa kuwa inashika moto na kuunguza nyumba. Ukiubinya mfuko kwa vijiti viwili utaona mafuta ya manjano yakipanda juu. Epua, funika sufuria kwa gunia ili ipoe polepole usiku kucha. Asubuhi utakuta kigaga kigumu kimejiachia kutoka ukingoni, na upande wake wa chini umeshika tope la kahawia. Likwangue kwa kisu, yeyusha tena, chuja tena. Nta iliyo tayari ni ya manjano, inanukia asali, na ikiwa baridi ukiivunja inakatika kwa punjepunje.

Wateja wa kwanza wako karibu kuliko unavyodhani. Kasongo ni makao ya diosezi, na parokia haiishi bila mishumaa. Mshona viatu hupitisha uzi wake kwenye nta. Mpiga ngoma hubandika nta katikati ya ngozi ili kupata sauti anayoitaka. Kina mama wanaokamua mafuta ya mbegu za mchikichi wanaweza kuyeyusha sehemu moja ya nta katika sehemu nne za mafuta hayo, wakapata mafuta mazito ya kupaka ngozi iliyopasuka kwa kiangazi, yakauzwa kwa kopo dogo. Wafuga nyuki wenyewe huhitaji nta ya kupaka mizinga mipya ili kuvuta bumba. Ukishawajua hawa ndipo uanze kuulizia wanunuzi wa Bukavu, Kalemie au Lubumbashi. Usikusanye magunia kwa ajili ya mnunuzi wa kusikia tu.

Wala biashara hii si ndoto. Njia ile ya misafara ya karne ya 19, enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, iliyounganisha Kasongo na Kabambare na Ujiji, ilifika Tabora. Wakati wa Wajerumani nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizouzwa nje kutoka Afrika Mashariki yao, na hadi leo Tabora ni mji wa asali. Tanzania inahesabiwa ya pili kwa uzalishaji wa asali barani Afrika baada ya Ethiopia. Sisi tumekaa mahali ambapo savana inakutana na msitu mkubwa, tuna maua ya pande zote mbili. Tulichokosa ni mazoea ya kufuga.

Nasema mazoea ya kufuga kwa sababu wengi wetu ni wawindaji wa asali. Mtu anaona pango mtini, anaangusha mti kwa shoka, anawasha moto wa majani, nyuki wanakufa, anachukua vyote pamoja na majana. Mwaka ujao hana cha kurudia pale. Anayetaka kazi ya maisha lazima aache kundi likiwa hai kila anaporina: achukue masega yaliyozibwa tu, aache ya majana, na aache asali ya kutosha nyuki kula. Kibarua wa nyuki huchukua takriban wiki tatu tangu yai hadi kutoka kwenye tundu lake. Ukiharibu majana leo, umewanyima watenda kazi wa wiki tatu zijazo, na huenda maua ya mti mkubwa yakafunguka wiki hiyohiyo.

Sasa niseme juu ya hali ya kazi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wanapodanganywa zaidi. Nyuki wetu wa Afrika ni wakali na huhama upesi. Mzinga uliojaa leo unaweza kuwa mtupu mwezi ujao kwa sababu ya siafu, njaa, au kusumbuliwa mno. Katika mwaka wa kwanza huenda mizinga mingi ikakaa bila wakazi. Ukipiga hesabu, panga kwa kilo 10 za asali kwa mzinga wenye nyuki, usipange kwa zile hadithi za ndoo tatu tatu. Ikizidi, shukuru. Na pesa haiji kila mwezi: inakuja kwa kishindo wakati wa kurina, kisha kimya. Ndiyo maana sitamshauri mtu aache shamba lake la mpunga. Wakulima wa Mampu, kwenye uwanda wa Bateke mashariki mwa Kinshasa, wamegawiwa hekta 25 kila familia katika msitu wa akasia uliopandwa. Wanavuna muhogo, wanachoma makaa, na asali inaongezea juu ya hivyo. Huo ndio mpango ninaouamini kwa mtu wa Kasongo pia.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuanguka. Kupanda mti mrefu usiku, mkono mmoja umeshika kijinga cha moto, nyuki wakiingia kwenye masikio, ni kazi inayovunja migongo ya wanaume wenye nguvu, na aliyevunjika mgongo kijijini huwa mzigo kwa ndugu zake maisha yake yote. Shusha mzinga. Mzinga wa viunzi vya juu, uliotengenezwa Kenya katika miaka ya 1970 kwa kushirikiana na wataalamu wa Kanada, ni sanduku refu lenye kuta za mshazari, linaloning'inizwa kwa waya kwenye kimo cha kiuno. Paka waya hizo grisi au oili chafu ili siafu wasipite. Kwa kimo hicho unafanya kazi ukiwa umesimama chini, na mwanamke anaweza kuifanya sawa na mwanamume. Kwa muda mrefu kina mama wa kwetu wamefungiwa nje ya kazi hii kwa sababu ya kupanda miti tu. Sababu hiyo ikiondoka, sioni nyingine.

Hatari ya pili ni miiba ya nyuki. Vaa nguo nyeupe au za rangi hafifu. Nyuki hushambulia weusi na nywele. Vazi linashoneka kwa magunia meupe ya unga, chandarua kikashonewa kwenye kofia yenye ukingo mpana, suruali ikafungwa ndani ya bote. Moshi uwe wa baridi, wa gunzi kavu la mahindi au mti uliooza, na upulize kidogo mlangoni kisha ungoje: nyuki wakisikia moshi hujijaza asali, na harufu yao ya hatari inafunikwa. Harufu hiyo, inayotoka pale nyuki mmoja anapochoma, inafanana na ya ndizi mbivu. Ukiisikia, jua wenzake wanaitwa; ondoka pole pole. Nami humwambia anayejifunza asile ndizi kabla ya kwenda mizingani. Mwiba ukiingia, ukwangue papo hapo kwa ukucha, maana kifuko chake huendelea kusukuma sumu hata nyuki akishaondoka.

Kuvimba mahali palipochomwa ni kawaida. Mtu akitokwa na vipele mwili mzima, akavimba midomo au ulimi, akakosa pumzi au kuzimia, hiyo ni dharura ya kufa na kupona na dawa yake ni sindano ya adrenalini. Kabla hujaning'iniza mzinga wa kwanza, nenda kwenye kituo cha afya cha karibu uulize kama wanayo, na nani anajua kuichoma. Kama hawana, omba mkutano wa kijiji uidai. Mtu aliyewahi kupata dalili hizo hata mara moja aache kuifungua mizinga. Kazi nyingine za nyuki zipo, kama nitakavyoeleza. Usifanye kazi peke yako kamwe. Na mizinga ikae mita 300 au zaidi kutoka nyumba, shule, njia kuu na mbuzi waliofungwa, kwa sababu mbuzi aliyefungwa hana pa kukimbilia.

Kuna kazi ambayo naipenda kuliko zote kwa vijana wa mjini Kasongo, nayo ni useremala wa mizinga. Fundi anayejua kupima anaweza kuishi kwa nyuki bila kuchomwa. Siri yote iko kwenye viunzi. Kila kiunzi kwa nyuki wetu kiwe na upana wa milimita 32, si 30 wala 35, na urefu wa sentimita 48. Kikipungua au kuzidi, nyuki hawafuati kiunzi. Wanajenga masega ya kukatiza, na siku ya kurina huwezi kuinua kimoja bila kurarua vitatu. Chini ya kila kiunzi chimba mfereji mwembamba uumiminie nta iliyoyeyuka, ili nyuki wajue pa kuanzia. Mbao si lazima ziwe za thamani, lakini zikauke kwanza. Ubao mbichi hupinda, mwanga ukaingia. Fundi ajiwekee kigezo cha chuma cha milimita 32 na apime kila kiunzi mbele ya mteja. Sifa yake itasafiri kabla yake.

Kazi nyingine ni ya mrinaji wa kukodiwa, anayezunguka kwa wenye mizinga wasio na muda au ujasiri. Mrinaji na mwenye mizinga wapatane kabla ya kuwasha moshi: malipo ni kwa mzinga uliofunguliwa au ni fungu la asali? Nta ni ya nani? Nimeona marafiki wakigombana kwa sababu ya makapi ambayo siku iliyotangulia hakuna aliyeyataka. Miradi ya mashirika nayo hutoa ajira ya kufundisha wakulima. Ipokee ukiipata, ujifunze kila kitu, lakini jua kwamba mradi una tarehe ya mwisho. Tumia mshahara huo kununua bomba la moshi, ndoo na mizinga yako mwenyewe, ili gari lao likiondoka kazi ibaki.

Anayeingia katika uuzaji wa asali ana wajibu mzito kwa wanaokula. Kanuni za kimataifa za chakula hutaka maji ndani ya asali yasizidi asilimia 20; yakizidi, asali inachacha. Huna kipimo, lakini nyuki wanacho: hawazibi tundu kwa nta mpaka asali iive. Sega ambalo halijazibwa angalau robo tatu liache. Usirine siku ya mvua. Usichemshe asali. Usikubali bidoni iliyowahi kubeba petroli, dawa ya wadudu au hata mawese, haidhuru imeoshwa mara ngapi, kwa sababu asali hunyonya harufu na mteja wa Kindu hatarudi. Vile vipimo vya sokoni vya kiberiti na tone la maji havithibitishi kitu. Jina lako ndilo litakalokuuzia. Na kila chupa unayouza, mwambie mama: asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kwa kikohozi. Asali safi kabisa inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga halijaweza kuvizuia, na ugonjwa wake hulegeza viungo hadi pumzi.

Anayetaka kusomea kazi hii hadi cheti au diploma ajue kwamba Tabora kuna Chuo cha Mafunzo ya Ufugaji Nyuki, na njia ya kwenda inapitika: Kalemie, meli kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha reli ileile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kiswahili chako kitakutosha njiani na mjini. Kwa asiyeweza kwenda mbali, shule yake ni mrinaji mzee wa kijijini, mradi aende kwa adabu, amuite babu, ambebee mzigo, na asikilize. Wazee hao wanajua mti gani huchanua lini na bumba hupita bonde gani. Wewe beba daftari, andika tarehe, mti na hali ya mizinga. Baada ya misimu michache utakuwa na kalenda ya maua ya kijiji chako, kitu ambacho hakuna mtaalamu wa kutoka nje anayeweza kukuletea.

Mtu mmoja mwenye kilo chache za nta hapatani bei na mnunuzi wa Lubumbashi; kikundi kinapatana. Likilimba, yaani vikundi vya kuchangiana pesa kwa zamu, tunazijua sana, nazo zinafaa kukusanya pesa ya mbao na waya. Lakini kwa kuuza na kusaini mikataba inahitajika kooperativa iliyosajiliwa. Kongo iliingia katika sheria za biashara za OHADA mwaka 2012, na chini ya sheria hizo watu 5 wanatosha kuanzisha kooperativa ya aina rahisi. Anzeni na hao 5 mnaoaminiana, msikimbilie majina 50 ya karatasini. Upande wa msitu, Kanuni ya Misitu ya 2002 inatambua haki za wenyeji kutumia msitu wao, na amri ya 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wa jamii wa hadi hekta 50,000. Kijiji kinachohesabu mizinga yake msituni kina neno la kumwambia anayekuja na msumeno, na anayekuja na hati ya kuchimba.

Kwa ndugu zetu wa Kabambare ambako bunduki hazijanyamaza, ushauri wangu ni wa tahadhari zaidi. Usiweke mizinga mahali pa mbali ambapo kwenda kwake usiku kutakufanya uonekane mpelelezi wa upande mmoja au mwingine. Chagua pori la karibu na mashamba, rina jioni jua likizama badala ya usiku wa manane, na waambie majirani siku mtakapowasha moshi. Gawanya mizinga katika sehemu mbili au tatu, ili moto wa kiangazi au wizi usimalize yote kwa siku moja. Penye machimbo yanayotumia zebaki, hamishia mizinga upande wa juu wa mto, kabla maji hayajafika machimboni, na uwatilie nyuki maji safi katika beseni lenye vijiti vya kutua.

Kabla ya hayo yote nenda kwa chifu na kwa mwenye ardhi pamoja. Mkubaliane kwa maandishi mizinga itakaa wapi, kwa muda gani, mwenye ardhi atapata nini kila msimu, na kwamba anayelima jirani atatoa taarifa kabla ya kuchoma shamba. Mwandike nakala tatu, moja ya chifu, moja ya mwenye ardhi, moja yako, na mashahidi wa pande zote watie sahihi au dole gumba. Ugomvi mwingi wa mizinga huanza siku asali inapoonekana, na siku hiyo maneno ya mdomo huwa yameshasahaulika.